Kivuli cha Mvumo: Picha Nyeusi na Nyeupe za Delta ya Rufiji

Sogeeni karibu, wanangu. Leo siwasimulii habari za sungura wala za fisi. Nina kisa cha meli, cha ndege na cha kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na vyote vitatu vilikutana hapa kwetu, kwenye delta ya Rufiji, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni kisa cha kweli. Kitatufundisha jinsi mwanga na kivuli vinavyotengeneza picha, na mwishoni nitawapa kazi ambayo hakuna mtu mwingine atakayewafanyia.

Mwaka 1914 Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Juni ya mwaka huo manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga mikubwa 10, na nahodha wake aliitwa Max Looff. Mwezi Agosti Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, Königsberg iliizukia Zanzibar na kuishambulia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini ikifanyiwa matengenezo. Pegasus ikazama. Waingereza wakatuma meli kumsaka adui yao kila pembe ya bahari, lakini Königsberg ilikuwa imetoweka.

Ilikwenda wapi? Ilikuja Rufiji.

Ninyi mliozaliwa Nyamisati, Salale au Mbwera mnaijua delta, lakini wenzenu wa Dodoma na Bukoba huenda hawajawahi kuiona, kwa hiyo niieleze. Mto Rufiji ukikaribia bahari haumwagi maji yake kwa mlango mmoja. Unagawanyika matawi mengi, na kila tawi lina mlango wake na jina lake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala. Katikati ya matawi hayo kuna visiwa vya tope vilivyofunikwa na mikoko, michu, mikandaa na milana. Msitu huo una hekta zipatazo 53,000, na ndio eneo kubwa kuliko yote la mikoko iliyoungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu aliye baharini akitazama bara haoni mto. Anaona ukuta wa miti uliokolea giza, mwanzo hauonekani wala mwisho.

Nyuma ya ukuta huo ndiko Königsberg ilikojificha, karibu na Salale. Mabaharia walikata matawi ya miti wakaifunika meli ubavuni na juu. Tarehe 30 Oktoba 1914 walinzi wa manowari ya Kiingereza, Dartmouth, waliona ncha za milingoti zikichomoza juu ya mikoko. Wakajua adui yumo humo. Lakini wangemfikiaje? Meli zao kubwa zilihitaji kina, na mikondo ya Rufiji ina tope na mafungu ya mchanga yanayohamahama. Na wangepigaje mizinga pahala wasipopaona?

Ndipo ikaja ndege. Novemba 1914 rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Denis Cutler, aliruka juu ya delta kwa ndege inayotua majini, akaiona meli kwa macho yake. Mwezi uliofuata alitekwa. Februari 1915 Waingereza wakaleta ndege nyingine, lakini joto na unyevunyevu wa pwani vikazishinda. Aprili zikaja ndege aina ya Short, na hizo zilibeba kamera. Rubani John Cull na wenzake wakapita juu ya mikoko wakaipiga picha Königsberg ikiwa mafichoni.

Hapa tusimame kidogo. Ndege tumeiona, meli tumeiona. Sasa tukitazame kile kipande cha kioo.

Wanangu, siku hizo hakukuwa na simu ya kupigia picha. Ndani ya kamera kulikuwa na sahani ya kioo au utepe wa filamu, uliopakwa utando mwembamba wenye chumvi za fedha. Fedha ninayoisema ni ile ile ya bangili na pete. Chumvi hizo zina tabia moja ya ajabu: mwanga ukizigusa hubadilika, hata kama jicho halioni badiliko lolote. Kamera ikifunguka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, mwanga huacha alama kwenye utando huo kama mguu unavyoacha unyayo kwenye tope maji yakishatoka. Kisha sahani hupelekwa kwenye chumba cha giza, inatumbukizwa katika dawa ya kusafishia, na hapo alama inajitokeza. Penye mwanga mwingi fedha huwa nyeusi. Pasipo na mwanga kioo hubaki cheupe.

Kwa hiyo picha ya kwanza hutoka kinyume: anga ni jeusi, kivuli ni cheupe, kanzu ya Ijumaa inaonekana kama imechovywa kwenye wino. Hiyo ndiyo negativu. Mpiga picha huiweka juu ya karatasi yenye dawa ile ile na kuimulika, na karatasi inageuza tena kila kitu: nyeusi inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi, na dunia inarudi sawa. Kila picha ya zamani ya babu na bibi zenu mnayoiona ukutani ilipita katika mageuzi hayo mawili.

Kuna siri nyingine. Sahani nyingi za zama hizo zilikuwa na upofu wa rangi. Ziliiona bluu vizuri mno na nyekundu hazikuiona kabisa. Ndiyo maana katika picha za kale anga huwa jeupe tupu, hata kama siku hiyo mawingu mazuri yalitanda. Kitambaa chekundu kilitoka cheusi. Ngozi ya mtu wa kwetu, ambayo ina wekundu na udhahabu ndani yake, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na mara nyingi macho na mdomo vikapotelea gizani. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa tazameni delta kutoka juu, kwa picha isiyo na rangi. Kijani cha mikoko kinakuwa kijivu kizito. Maji ya mto yanaakisi anga, kwa hiyo yanang'aa. Mkondo unapinda, unajikunja, unarudi; hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Katikati ya mipindo hiyo, ukiona umbo lililonyooka lenye urefu wa mita mia na zaidi, hilo halikuumbwa na mto. Matawi ya miti yanaweza kumdanganya mtu aliye baharini, lakini umbo la meli halifichiki kwa urahisi kwa aliye juu. Na pale umbo linapofichika, kivuli hulitaja. Kitu kirefu hutupa kivuli kirefu, kifupi hutupa kifupi. Wanaosoma picha za angani hadi leo hupima kivuli ili kujua urefu wa mnara, wa mti au wa mlingoti. Rangi ikiondolewa, jicho halina cha kuchezea. Linabaki na umbo, mwanga na giza.

Mwisho wa meli ile ulikuja wakati wa kipupwe. Waingereza walileta manowari mbili fupi, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito na ambazo hazikuhitaji kina kikubwa. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia deltani na kupigana siku nzima bila kumaliza kazi. Tarehe 11 Julai zikarudi. Ndege kutoka Mafia ziliruka juu zikieleza kila kombora linaangukia wapi. Ndege ya Cull na mwenzake Harwood Arnold ilipigwa ikaanguka mtoni, na huku ikishuka Arnold aliendelea kutuma maelekezo. Wote wawili waliokoka. Königsberg iliwaka moto, na Looff akaamuru mabaharia wake wailipue isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Meli ikalala upande katika maji ya Rufiji, na kwa miaka mingi wapita njia waliipiga picha: chuma cheusi kilichoinama, maji meupe mbele yake, mikoko nyuma. Miaka ya 1960 vyuma vyake vilikatwakatwa, na vilivyobaki vikamezwa na tope. Mizinga yake yote 10 ilikuwa imekwisha kuopolewa mapema na kupelekwa vitani nchi kavu. Leo mmoja mnaweza kuuona Mombasa penye Ngome ya Yesu, mwingine uko Jinja, Uganda, na mwingine uko Pretoria.

Na sasa niwaulize. Nani aliyeivuta mizinga ile kutoka kwenye tope? Nani aliyeburura sehemu za boila, meli ilipoharibika mitambo, kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 100, na kuzirudisha tena? Walikuwa watu wa nchi hii. Walivuta kwa kamba, jua likiwachoma mabegani. Jina la nahodha tunalijua. Jina la rubani tunalijua. Hata majina ya meli za chuma tunayajua. Ya wale waliovuta hatunayo.

Kulikuwa na mpiga picha Mjerumani, Walther Dobbertin, aliyefanya kazi katika nchi hii kabla ya vita na akaendelea kupiga picha vita vilipokuja. Picha zake zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Picha za mabaki ya Königsberg zimo pia katika jumba la makumbusho ya vita la London. Ni picha za thamani, na aliyezihifadhi amefanya kazi njema. Lakini katika picha nyingi za zama zile maelezo hutaja cheo na jina la Mzungu, na mtu mweusi aliyesimama pembeni huandikwa "mpagazi", "askari" au "mwenyeji". Uso wake umefanywa giza na sahani isiyoona wekundu, na jina lake halikuandikwa na kalamu yoyote. Giza la sahani lilitokana na dawa. La pili lilitokana na watu, na hilo lingeweza kuepukika kwa mstari mmoja wa wino.

Wazee wetu wana methali: kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Mnaijua mivumo, ile miti mirefu iliyosimama peke yake kwenye bonde la Rufiji. Kwa kuwa ni mirefu na haina matawi ubavuni, jua likiwa chini kivuli chake huangukia mbali, na aliyeketi shinani anaungua. Picha za kwetu zimekuwa hivyo. Mtafiti aliye Ujerumani au Uingereza hujifunikia picha za Rufiji, na mtoto wa Salale, aliye shinani kabisa, hana hata moja.

Lakini methali hiyo hiyo ina somo la mwanga ndani yake, nami nataka mlijue, kwa sababu bila kulijua hamtapiga picha nzuri.

Wapiga picha wa miji ya baridi wanapenda sana majira yao ya baridi. Mwaka 1893, mjini New York, Alfred Stieglitz alisimama saa tatu nzima katika dhoruba ya theluji, kamera mkononi, akisubiri magari ya farasi yapite mbele yake katika mtaa wa Fifth Avenue. Picha ile ya barabara nyeupe na farasi weusi ikawa maarufu duniani. Kwa nini wanapenda majira hayo? Kwa sababu jua la huko wakati wa baridi halipandi juu. Linatambaa chini chini kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo vivuli ni virefu mchana kutwa. Kila nguzo ya taa, kila mpita njia, kila baiskeli inachora mstari mrefu juu ya lami.

Tuthibitishe kwa fimbo. Chukueni fimbo ya mita 1, isimikeni wima kwenye uwanja wa shule. Mjini Berlin, adhuhuri ya Desemba 21, fimbo hiyo ingetupa kivuli cha mita 4. Kibiti, adhuhuri ya Juni 21, ambacho ni kipupwe chetu, kivuli chake ni kama sentimita 60 tu, na kinaangukia kusini. Desemba kivuli cha adhuhuri ni kama sentimita 28, nacho kinaangukia kaskazini. Na kuna siku mbili kwa mwaka, moja mwishoni mwa Februari na nyingine katikati ya Oktoba, ambapo jua la adhuhuri huwa utosini na fimbo haina kivuli kabisa. Msiniamini kwa maneno; pimeni wenyewe na mwandike.

Je, tumenyimwa mwanga ule wa baridi? Hatukunyimwa. Kwetu huja kwa zamu. Juni jua huchomoza Kibiti mnamo saa 12 na nusu asubuhi. Saa moja baadaye, yaani saa 1 na nusu, fimbo yenu ya mita 1 itatupa kivuli cha mita 4 hadi 5, karibu sawa na ile ya Berlin saa ya adhuhuri. Mwanga ambao mpiga picha wa Ulaya anausubiri hadi Desemba, ninyi mnao kila asubuhi mkielekea shule, na mnao tena jioni mkitoka uwanjani. Tofauti ni kwamba wetu unapita upesi. Jua la huku hupanda karibu wima. Ukichelewa nusu saa, kivuli kimekwisha kunywea.

Basi twendeni Nyamisati alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Inameni karibu na tope. Mchu una mizizi inayochomoza juu ya ardhi ili ipate hewa, mingi isiyohesabika, kila mmoja mwembamba na mfupi. Saa sita mchana mizizi hiyo haina sura. Ni madoa tu kwenye tope la kijivu. Lakini saa 1 na nusu asubuhi kila mzizi unatupa kivuli kirefu kuliko wenyewe mara nne au zaidi, na vivuli vyote vinalala upande mmoja, vikivuka mikwaruzo iliyoachwa na kaa. Tope lenyewe lina maji juu yake, kwa hiyo linang'aa. Ondoeni rangi kwenye picha hiyo muone: nyeupe ya maji, nyeusi ya mizizi, kijivu cha tope. Huhitaji kamera ya mamilioni. Simu nyingi zina sehemu ya kuhariri inayoondoa rangi kwa kugusa mara moja.

Geukeni sasa mtazame wanaoanika uduvi. Mkeka umetandikwa, mikono inautawanya uduvi usilundikane. Jicho lenu linaona mwanga mkali na giza zito kwa wakati mmoja, lakini kamera haiwezi. Lazima ichague. Ukiiacha ichague yenyewe, mara nyingi inakosea. Gusa kwenye kioo cha simu pale penye mwanga unaoutaka, kwenye mkono, kwenye uduvi, na uache kivuli kiwe cheusi. Wapiga picha wachanga huogopa weusi, wanautaka mwanga kila mahali, na picha yao inakuwa bapa. Acheni kivuli kifanye kazi yake. Kivuli ndicho kinachoonyesha kwamba mkono ni mviringo, kwamba kamba imesokotwa, kwamba ubao wa mashua umelika kwa chumvi.

Mkirudi Kibiti mjini, mtakuta darasa jingine barabarani. Kituo cha mabasi yaendayo Lindi na Mtwara, vibanda vya matunda, mwembe na watu waliojisogeza chini yake. Mchana jua linapochoma, msihangaike katikati ya uwanja. Nendeni pembeni, kwenye mpaka wa mwanga na kivuli. Mtu akivuka mpaka huo anaangaza ghafla, nyuma yake giza. Zanzibar, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, jua hufika chini kwa muda mfupi tu kwa sababu nyumba ni ndefu na zimekaribiana, na wapiga picha wa huko walijua kusubiri dakika hizo chache.

Na uso wa mtu? Hapa ndipo nilipowaambia mkumbuke ile sahani ya kioo. Simu zenu hazina upofu ule, lakini zina kosa linalofanana nao. Ukimsimamisha mtu mbele ya anga jeupe, simu inalishughulikia anga na kuufanya uso wake kuwa giza. Kwa hiyo mketisheni mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, akitazama nje. Mwanga unaoingia mlangoni ni mpole. Unapita juu ya paji la uso, unashuka shavuni, unaingia kwenye mikunjo ya macho. Ngozi nyeusi hupokea mwanga huo vizuri sana. Inaurudisha kwa namna ambayo karatasi ya picha nyeusi na nyeupe inaipenda.

Lakini kabla ya kumpiga mtu picha, mnaanza kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Naomba ruhusa nikupige picha hapa mlangoni. Nitakuletea na wewe yako."

Akikataa, mnashukuru na kuondoka. Akikubali, msisahau ahadi. Peleka picha hiyo mjini isafishwe kwenye karatasi, mrudishie. Kisha fanya jambo ambalo wapiga picha wengi wa zamani hawakulifanya: muulize jina lake kamili, umwombe akwambie alizaliwa wapi na anafanya kazi gani, na uandike.

Zanzibar kuna studio iitwayo Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye ikaendeshwa na mwanawe Rohit. Ukoo huo ulipiga picha za harusi, za sikukuu, za bandari na za mitaa, na ukazitunza negativu na picha zake miaka nenda miaka rudi. Mtu anayetaka kujua Zanzibar ilifananaje kabla ya Mapinduzi ya 1964 anaweza kuingia na kuona, katika mji huo huo. Tazameni faida ya kutunza: kivuli cha mvumo huo kinawafunika na walio shinani.

Rufiji imeona mambo makubwa tangu Königsberg. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wa bondeni walihamishwa kwenda kuishi kwenye miinuko. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa, na foleni za kivuko cha Ndundu zikaisha. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Picha za mambo haya zipo, nyingi zikiwa ndani ya simu na masanduku ya watu, na maji yakiingia nyumbani karatasi ni katika vitu vya kwanza kuharibika. Simu nayo ikidondoka mtoni inaondoka na kila kitu.

Kwa hiyo kazi yenu ni hii. Wiki hii kila mmoja apige picha moja tu nyeusi na nyeupe, asubuhi saa 1 na nusu au jioni kabla ya jua kuzama, ya mtu mmoja anayefanya kazi: mvuvi wa kamba, mshona nyavu, fundi mashua, mama muuza mihogo, mbangua korosho. Nyuma ya karatasi aandike kwa penseli mambo manne: jina la mtu, mahali, tarehe na saa. Nakala moja ampe mwenye sura, nyingine aikabidhi kwa mwalimu iwekwe kwenye faili la shule, na ya tatu aihifadhi mahali pakavu. Waombeni pia wazee wawatolee picha zao za zamani, mwandike majina ya waliomo wakiwa wangali hai wanaowakumbuka. Fanyeni hivyo kila muhula.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wale waliovuta mizinga kutoka kwenye tope la Rufiji, hata kama walipigwa picha, wamepotea kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi. Msikubali jambo hilo limpate mtu yeyote mtakayempiga picha ninyi.